Kutwa Mara Tatu: Muuguzi Mwanafunzi na Somo la Dawa

Kila aliyewahi kuchukua dawa dirishani Tanzania anayajua maneno haya: kutwa mara tatu. Yameandikwa kwenye bahasha ndogo ya vidonge, mtoa dawa anayatamka, muuguzi anayarudia, mgonjwa anaitikia kwa kichwa na kwenda zake. Lakini kutwa ni muda wa tangu jua kuchomoza hadi kuchwa. Mwenzake ni kucha, na ndiyo maana tukitaka kutaja saa zote 24 tunasema kutwa kucha. Mgonjwa anayekifuata Kiswahili chake sawasawa atameza amoksilini asubuhi, adhuhuri na jioni, halafu atakaa saa 12 bila dawa. Nusu ya amoksilini iliyo kwenye damu huondoka kwa muda wa saa moja hivi. Aliyemeza kidonge cha mwisho magharibi, ikifika saa sita usiku amebaki na masazo tu, na vijidudu vina muda hadi alfajiri wa kuzaliana.

Sasa mtazame mwanafunzi wa uuguzi. Asubuhi darasani amejibu swali la nusu-uhai wa dawa kwa Kiingereza safi, akapata alama zote. Mchana yuko wodi ya watoto, mama anaruhusiwa kwenda nyumbani, na mwanafunzi yuleyule anamkabidhi chupa ya dawa ya maji akisema, "Mpe kutwa mara tatu, mama." Hajaona kwamba swali la asubuhi na maneno ya mchana ni jambo moja. Hakuna aliyemwonyesha. Kwangu mimi sehemu kubwa ya ugumu wa famakolojia imo katika pengo hilo, baina ya dawa inayoandikwa kwenye karatasi ya mtihani na dawa inayoingia kinywani mwa mtu.

Wanafunzi wenyewe hueleza ugumu huo kwa namna nyingine. Watakwambia dawa ni nyingi mno. Ni kweli vitabu ni vinene, lakini wingi peke yake hautoshi kuwa sababu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, lilitaja dawa 200 hivi, likiamini kwamba hizo zingekidhi mahitaji makubwa ya nchi nyingi. Orodha imekua tangu hapo, na Tanzania ina mwongozo wake wa matibabu pamoja na orodha yake ya taifa ya dawa muhimu. Hata hivyo zahanati ya kijijini huendesha kazi zake kwa dawa chache kuliko hizo. Mtu aliyejifunza majina ya mitaa yote ya Kariakoo anaweza kujifunza dawa za kituo cha afya.

Zinakuwa nyingi kwa sababu ya jinsi zinavyosomwa. Wiki mbili kabla ya mtihani yanaanza kuzunguka madesa, noti za waliotangulia, zilizopigwa picha kwa simu na kutumwa kwenye kundi la darasa. Kila dawa ina mistari mitano: kundi lake, kazi yake, dozi, madhara, nani asipewe. Mistari hiyo inakaririwa kama orodha ya wapiga kura. Anayekariri vizuri anafaulu, anayekariri vibaya anapata sapu, yaani mtihani wa marudio, na akirudia kuanguka anadisko, yaani anaondolewa chuoni. Baada ya mtihani yote yanamwagika, kwa kuwa hayakufungwa kwenye kitu chochote. Madesa yana hatari nyingine inayosahaulika: yanazeeka bila kuonyesha mvi. Desa la zamani linamwambia mwanafunzi kwamba malaria kali hutibiwa kwanza kwa dripu ya kwinini. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti mkubwa uliolinganisha kwinini na artesunati kwa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, na Muheza na Kilifi zilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Kwenye kundi la kwinini walifariki watoto 10.9 katika kila 100, kwenye kundi la artesunati 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesunati kwa watoto wenye malaria kali. Desa halina habari hiyo. Linaendelea kupita mkono kwa mkono.

Sisemi kukariri hakufai. Kuna mambo ya dawa ambayo hayana budi kukaririwa, na yapo yanayokaririka kwa akili. Majina ya dawa yasiyo ya kibiashara yana ukoo, na ukoo huonekana kwenye mkia. Enalaprili, kaptoprili na lisinoprili ni ndugu. Zote hushusha presha na zote zinaweza kumletea mgonjwa kikohozi kikavu kisichoisha. Atenololi na propranololi ni ndugu. Hupunguza mapigo ya moyo. Losartani na valsartani nazo ni ndugu. Ila mkia lazima usomwe wote. Metronidazoli, flukonazoli na omeprazoli zinasikika kama watoto wa mama mmoja, ilhali ya kwanza hupambana na vijidudu kama amiba, ya pili na fangasi, na ya tatu hupunguza asidi tumboni. Mwanafunzi aliyeishia kwenye "zoli" amejidanganya.

Upande wa pili wa jina ni jina la dukani. Mgonjwa hasemi metronidazoli, anasema Flagyl. Anasema Septrin, Piriton, Panadol. Anayemhudumia lazima awe na kamusi ya pande mbili kichwani, maana mtu anaweza kumeza Panadol, akaongeza dawa ya mafua ya mchanganyiko yenye parasetamoli ndani yake, akaja hospitali akapewa parasetamoli ya tatu, na kila mmoja akadhani ametoa dozi ya kawaida. Ini ndilo linalojumlisha.

Kutoka hapo tunafika kwenye elimu yenyewe, na walimu wazuri huifupisha kwa maswali mawili: mwili unaifanyia nini dawa, na dawa inaufanyia nini mwili? Maswali hayo yakieleweka, mistari mitano ya desa inajitokeza yenyewe. Kwa nini insulini haimezwi? Kwa sababu ni protini, na tumbo litaisaga kama linavyosaga nyama. Kwa nini amlodipini hunywewa mara moja kwa siku na amoksilini mara tatu? Kwa sababu mwili huchukua zaidi ya saa 30 kuondoa nusu ya amlodipini. Kwa nini mgonjwa wa pumu aliyevuta salbutamoli nyingi mikono inatetemeka na moyo unamwenda mbio? Kwa sababu dawa inagonga vipokezi vya njia ya hewa, lakini vipo ndugu wa vipokezi hivyo kwenye moyo na misuli. Mwanafunzi aliyeelewa hilo hahitaji kukariri kwamba propranololi ni hatari kwa mwenye pumu. Ataliona mwenyewe: hii inafunga mlango ambao ile inaufungua.

Mfano ninaoupenda kuliko yote katika somo hili unatoka shambani. Mtu amekunywa, au amejimwagia, dawa ya kuua wadudu ya aina ya oganofosfeti. Analetwa mate yakimtoka, machozi, jasho, anaharisha, mboni za macho zimesinyaa kama ncha ya sindano, kifua kinakoroma kwa majimaji. Sumu imezuia kimeng'enya kinachofuta ujumbe wa neva, kwa hiyo ujumbe mmoja unarudiwa na kurudiwa, na kila tezi inamwaga. Dawa yake ni atropini, ambayo hufunga vipokezi vya ujumbe huo. Mwanafunzi wa madesa anajua kwamba atropini hukausha kinywa, hutanua mboni na huongeza mapigo ya moyo, na ameyaandika yote chini ya kichwa cha "madhara". Mbele ya mgonjwa huyu madhara hayo yamegeuka kuwa tiba. Muuguzi anayeelewa anasikiliza kifua: kikikauka na hewa ikapita vizuri, dozi imefika. Hasubiri mboni, kwa maana mboni si kipimo cha kuaminika hapa. Dawa ni ileile na jedwali ni lilelile. Tofauti inaletwa na mtu anayejua anatazama nini.

Hali ni hiyo kwa mwenye kifua kikuu na virusi vya UKIMWI kwa pamoja. Rifampisini ya kifua kikuu hulichochea ini litengeneze kwa wingi vimeng'enya vya kuvunja dawa. Dolutegraviri ya virusi, ambayo kwa kawaida hunywewa miligramu 50 mara moja kwa siku, inavunjwa upesi mno, hivyo inabidi itolewe mara mbili. Vidonge vya majira na vijiti vya uzazi wa mpango navyo vinadhoofika kwa sababu hiyohiyo. Anayekariri ataona hapa mambo matatu ya kukumbuka. Anayeelewa anaona jambo moja: ini limeongeza kasi. Na atamwambia mgonjwa wake mapema kwamba mkojo utakuwa wa rangi ya machungwa, ili asiogope akaacha dawa.

Nimekaa sana kwenye kuelewa. Lakini kuna sehemu ya somo hili ambayo kuelewa hakutoshi, na hapo ndipo naona vyuo vyetu vinapepesuka zaidi. Ni hesabu.

Chukua artesunati ya sindano. Kichupa kina unga wa miligramu 60. Unauyeyusha kwanza kwa mililita 1 ya maji yake maalumu, kisha unaongeza maji ya chumvi: mililita 5 ukitaka kuchoma kwenye mshipa wa damu, mililita 2 ukitaka kuchoma kwenye msuli. Kwa njia ya kwanza kila mililita inabeba miligramu 10, kwa njia ya pili miligramu 20. Mtoto mwenye kilo 12 anahitaji miligramu 3 kwa kila kilo, yaani miligramu 36. Kwenye mshipa utavuta mililita 3.6, kwenye msuli mililita 1.8. Ukichanganya kwa njia moja na kuvuta kwa hesabu ya njia nyingine, mtoto amepata nusu ya dozi au dozi mara mbili. Kichupa ni kimoja, mtoto mmoja, ugonjwa mmoja, na kosa linaingia bila kelele. Hakuna Kiingereza kigumu hapo. Ni hesabu ya darasa la saba, inayofanywa saa tisa usiku na mtu aliyechoka, mama akilia kando.

Au jentamisini kwa mtoto mchanga. Ampuli ina miligramu 80 ndani ya mililita 2, yaani 40 kwa kila mililita. Kichanga wa kilo 3 aliyeandikiwa miligramu 5 kwa kilo anahitaji miligramu 15. Gawanya kwa 40, unapata mililita 0.375. Kiasi hicho hakipimiki kwa bomba la kawaida la mililita 5. Kinataka lile jembamba la mililita 1. Ukiteleza nukta moja ya desimali unapata 3.75, nayo ni karibu ampuli mbili nzima. Dawa hii huumiza figo na masikio. Wauguzi wa zamani wana kanuni ambayo ningependa iandikwe ukutani katika kila chumba cha dawa: ukijikuta unavunja ampuli ya pili kwa ajili ya mtoto mmoja, weka bomba chini, hesabu upya, mwite mwenzako ahesabu kivyake.

Wodi ya wazazi nayo ina mtihani wake. Magnesiamu salfeti ndiyo dawa ya kifafa cha mimba. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2002, uliowahusisha wanawake wapatao 10,000 wenye dalili za kuelekea huko, ulionyesha kwamba hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Dawa hiyo huja ikiwa na nguvu ya asilimia 50. Gramu 4 za kuanzia kwenye mshipa hutakiwa ziwe za asilimia 20. Mwanafunzi anayeogopa asilimia anaganda. Asiyeogopa anajua asilimia 50 ni gramu 50 katika mililita 100, yaani nusu gramu kwa mililita. Basi gramu 4 ni mililita 8, anaongeza mililita 12 za maji ya sindano, anapata mililita 20, anachoma polepole. Kazi haijaisha. Kabla ya kila dozi inayofuata anagonga goti kuona kama mguu unarukaruka, anahesabu pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, anapima mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Kila kipimo kina sababu: dawa hii hutolewa na figo, na ikizidi mwilini hupoteza kwanza mruko wa goti, kisha pumzi. Kando ya kitanda inakaa tayari kalisiamu glukoneti ya kuirudisha nyuma. Kwenye tukio hilo moja yamo maswali yote mawili ya famakolojia, hesabu, na macho ya muuguzi. Ningekuwa mtunga mtaala ningeanza somo zima hapo.

Sasa lugha. Tanzania mtoto husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza anageuziwa Kiingereza, na chuoni anakutana na famakolojia kwa Kiingereza hichohicho ambacho wengi bado wanakipanda kama mlima. Kisha anapelekwa wodini, ambako hakuna mgonjwa anayeongea lugha ya kitabu. Kenya nako darasa ni la Kiingereza na wodi ni ya Kiswahili na lugha za nyumbani. Watu wamezoea kulizungumza jambo hili kama suala la mwanafunzi kutoelewa mwalimu. Mimi naona hasara kubwa zaidi ipo upande wa pili, pale mwanafunzi anapomaliza chuo bila kuwahi hata mara moja kufundishwa kuieleza dawa kwa Kiswahili. Anadhaniwa anajua kwa kuwa ni lugha yake. Hajui. Hakuna azaliwaye akijua.

Angalia mitego iliyopo. Chati ya dawa imeandikwa 14:00. Mama anajua saa nane mchana. Mwanafunzi anatakiwa aipunguze au aiongeze saa sita kichwani kila anapofungua mdomo. Halafu anasema, "Mpe kila saa nane." Anamaanisha kila zinapopita saa nane. Mama anaweza kusikia kwamba dawa hutolewa ikifika saa nane, mchana na usiku wa manane. Mtaani watu wamejitengenezea njia ya kutenganisha: husema "masaa nane" wakimaanisha muda. Walimu wa lugha huwakemea, na kisarufi wana haki. Kitandani mwa mgonjwa mimi nitasimama na "masaa", au bora zaidi, nitataja saa zenyewe: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Kitabu cha David Werner ambacho Waswahili wanakijua kama Mahali Pasipo na Daktari kililitatua jambo hili kwa kuchora: jua linachomoza, jua la utosini, jua linazama, mwezi. Mwezi huo mdogo ndio unaokosekana katika kutwa mara tatu.

Neno mshipa ni mtego wa pili. Mshipa ni njia ya damu, ni neva, na kwa watu wengi ni ugonjwa unaotokeza kinenani. Ukimwambia mzee "tutakuchoma kwenye mshipa" bila kuongeza neno, usishangae akishtuka. Ukimwambia dawa "itashusha presha", anaweza kuacha kuimeza siku atakayojisikia kizunguzungu, kwa kuwa kwake presha ya kushuka nayo ni ugonjwa.

Lakini Kiswahili cha hospitali kina utajiri pia, na ni huu ambao vyuo vinauacha ulale. Katika uzazi wa mpango wahudumu wetu wamekuwa wakitenganisha maudhi na madhara. Maudhi madogo madogo ni yale yanayosumbua kisha hupita: kichefuchefu, kichwa kuuma, hedhi kubadilika. Madhara ni yanayoumiza. Mtu aliyeelezwa tofauti hiyo anajua lipi la kuvumilia na lipi la kumrudisha kituoni usiku huohuo. Ningependa kila dawa ifundishwe kwa mgawanyo huo. Wazee wetu wanaikumbuka klorokwini, dawa ya malaria ya zamani, kwa jinsi ilivyowawasha mwili mzima. Wengi waliificha chini ya godoro, wala si kwa ukaidi. Hakuna aliyewaambia kwamba kuwashwa kungepita. Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001 kwa sababu ya usugu wa vimelea, na mwishoni mwa mwaka 2006 ikaingia dawa ya mseto. Dozi za mseto ni sita kwa siku tatu. Mtoto aliyenywa ya kwanza saa nne asubuhi atakunywa ya pili saa kumi na mbili jioni, kisha asubuhi na jioni kesho, asubuhi na jioni keshokutwa, kila mara akiwa amekula kitu chenye mafuta kidogo au maziwa ili dawa iingie vizuri mwilini. Siku ya pili homa imeshuka, mtoto anacheza, na mama anavifunga vidonge vilivyobaki kwenye leso kumwekea mdogo wake. Muuguzi aliyeusoma usugu kama neno la mtihani hana la kumwambia. Aliyeuelewa atamwambia kwa lugha ya nyumbani: waliobaki ni wale wabishi, ukiwaacha watazaa wabishi wenzao.

Mjamzito anayepewa fefo, vidonge vya madini ya chuma, anapaswa kusikia habari ya chai. Chai ya rangi huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na nyumba nyingi chai ndiyo kifungua kinywa. Basi ameze vidonge kwa maji au juisi ya machungwa, chai ije baadaye, na choo kikiwa cheusi asihofu. Mjamzito huyohuyo aulizwe, kwa upole, kama amepewa mitishamba ya kuharakisha uchungu. Ukiuliza kwa kukaripia atakana. Kisha utamwekea dripu ya oksitosini juu ya dawa usiyoijua, na mji wa mimba unaweza kupasuka. Kuuliza vizuri ni sehemu ya famakolojia, hata kama hakuna ukurasa wake. Na katika vijiji vya Usukumani au Umasaini hata Kiswahili hakitoshi. Hapo mwanafunzi anahitaji mkalimani na subira.

Wapo wanaopinga mwelekeo huu wa kuifundisha dawa kwa Kiswahili, na hoja yao ina uzito. Wanasema maboksi ya dawa, miongozo na vitabu vya rejea vimejaa Kiingereza, na muuguzi atakayesoma kwa Kiswahili atafungiwa mlango wa masomo ya juu na ajira za nje. Nakubaliana nao kuhusu majina na maandishi: jina la dawa lisomwe kama lilivyoandikwa kwenye kichupa, herufi kwa herufi. Sikubaliani nao wanapofikia kusema kwamba kwa hiyo maelezo nayo yabaki Kiingereza. Mwanafunzi anaweza kuandika mtihani kwa Kiingereza na bado akatakiwa aeleze kwa Kiswahili kwa nini rifampisini inabadilisha dozi ya dolutegraviri. Akishindwa kueleza kwa lugha anayoiota usingizini, hajaelewa, hata kama karatasi yake ina alama 80.

Kuhusu wodi nitasema machache, kwa kuwa yanajulikana. Kila mwanafunzi anaimba sahihi tano: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Kisha anakuta wodi ina wanafunzi wengi kuliko vitanda, muuguzi mmoja anagawa dawa kwa haraka, na dawa iliyoandikwa haipo, imeletwa nyingine yenye nguvu tofauti. Ampuli zinafanana. Imewahi kuripotiwa katika nchi mbalimbali kwamba mtoto aliyezaliwa punde alichomwa ergometrini ya mama yake badala ya vitamini K, kwa kuwa ampuli hizo mbili zilikaa sinia moja. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya usalama wa dawa likiweka lengo la kupunguza kwa nusu, ndani ya miaka mitano, madhara makubwa yanayoweza kuepukika, likikadiria kwamba makosa ya dawa huigharimu dunia dola bilioni 42 kila mwaka. Mwanafunzi anayejua kwamba akikiri kosa atafukuzwa wodini atalificha, na likifichwa litarudiwa na mwenzake wiki ijayo kwenye sinia lilelile. Ampuli mbili zitenganishwe sinia. Hiyo nayo ni famakolojia.

Kwako mwanafunzi: tafuta daftari dogo, na kila siku ya wodi andika mgonjwa mmoja bila jina lake, dawa moja, hesabu yake kwa mkono, ulichokiona kabla na baada ya dozi, na maneno ya Kiswahili uliyomwambia. Ukishamweleza, mwombe akurudishie kwa maneno yake mwenyewe. Kwa miaka mitatu ya chuo utakuwa na desa lako ambalo hakuna anayeweza kukuuzia.

Na kwako mkufunzi: katika mtihani ujao wa vitendo ongeza kituo kimoja. Mwanafunzi amkute mama mwenye mtoto wa kilo 12 na kidonge cha kwanza cha mseto mkononi, saa nne asubuhi, naye amweleze kwa Kiswahili dozi zote sita hadi ya mwisho. Msahihishaji awe mama huyo.